Jina Chini ya Habari

Barabara ya kutoka Bunia kwenda ziwani ni ya kuteremka. Inapita Bogoro, inashuka ukingo wa bonde hadi Kasenyi, kisha inaandamana na ufuko kuelekea kaskazini mpaka Tchomia, mji wa wavuvi ambako nchi kavu ya Ituri, mkoa wa mashariki mwa Kongo, inakwisha na Ziwa Albert linaanza. Ng'ambo ni Uganda. Mapigano yalipopamba moto wilayani Djugu mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018, maelfu ya watu walipanda mitumbwi kwenye ufuko huu wakavuka kwenda kutafuta hifadhi. Septemba ya mwaka huohuo wa 2018, Ebola ikafika Tchomia. Mambo makubwa huufikia mji huu mdogo mara nyingi kuliko wanavyoufikia watu wa kuyaandika.

Hapo mwaloni ndipo mjadala huu umewekwa. Sauti zake ni tano, na hazina majina kwa kuwa ni hoja zilizovikwa watu: hoja zinazosikika popote Ituri mzazi anapomuuliza mtoto aliyefaulu Exetat, ule mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, anataka kusomea nini. Mara hii aliyeulizwa ni msichana, na jibu lake limewaacha watu wazima wakitazamana. Anataka kuwa mwandishi wa habari za uchunguzi, kisha aandike vitabu. Sauti zimebuniwa, lakini majina, miaka na matukio wanayoyataja ni ya kweli.

Mama yake, mfanyabiashara wa samaki, ndiye anayetangulia, huku akigeuza juani makayabo, yaani samaki wa chumvi.

"Uchunguzi? Mimi nachunguza kila siku na sijawahi kuitwa mchunguzi. Samaki akiletwa nafunua mashavu, nanusa, nabonyeza. Kisha namuuliza aliyemleta: katoka kwenye mtumbwi wa nani? Kavuliwa usiku huu au jana? Mbona watu watatu mliotoka pamoja mnanitajia bei tatu? Akibabaika, nimeshajua. Nani alinifundisha? Kulea."

Hoja ya mama si ya kuipisha hivi hivi. Ukiondoa kamera na kompyuta, kazi ya uchunguzi ni hiyohiyo: kuuliza kitu kimetoka wapi kabla ya kuuliza bei yake, na kulinganisha vinywa vitatu mpaka kimoja kikwame. Wahariri wengi hulalamika kwamba vijana wanaotoka vyuoni wanajua kuandika sentensi lakini hawajui kushuku. Mama huyu anajua kushuku, na bado hajapata shida ya kuwa mkorofi.

Mwalimu wa sekondari, aliyemfundisha msichana huyo Kifaransa na historia, anamjibu kwa upole. "Mama, wewe unamjua samaki aliye mkononi mwako. Je, mafuta yaliyo chini ya ziwa?"

Kisha anasimulia. Mwaka 2010 Rais Joseph Kabila alitia saini amri iliyozipa kampuni mbili, Caprikat na Foxwhelp, vitalu namba 1 na 2 vya mafuta upande wa Kongo wa Ziwa Albert. Kampuni hizo zilikuwa na umri wa miezi tu. Hazikusajiliwa Kinshasa wala Bunia bali katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza, mahali ambapo mwenye mali anaweza kukaa nyuma ya jina la kampuni bila uso wake kuonekana. Miaka sita baadaye, Aprili 2016, zikachapishwa habari za Panama Papers: hati milioni 11.5 zilizovuja kutoka kampuni ya wanasheria ya Mossack Fonseca, zikachambuliwa na waandishi zaidi ya 370 wa nchi mbalimbali. Humo ndani mlikuwa na karatasi za Caprikat, na jina la Khulubuse Zuma, mtoto wa ndugu yake Jacob Zuma aliyekuwa rais wa Afrika Kusini wakati huo. Mwenyewe alikana kufanya kosa lolote.

"Mvuvi angekaa ziwani miaka arobaini asiione karatasi hiyo," mwalimu anasema. "Haikupita mwaloni. Ilipita ofisini, kwa lugha ya ofisi. Wa kuiona ni mtu aliyesoma jinsi kampuni inavyoundwa, anayejua mwanahisa ni nani na mkurugenzi ni nani, na kwa nini hao wawili si lazima wawe mtu mmoja. Ndiyo maana nasema aende chuo kikuu. Ibara ya 24 ya Katiba yetu ya 2006 inampa kila mtu haki ya kupata habari, lakini haki hiyo haikufundishi kusoma mkataba wa mafuta."

Kimya kidogo. Mama anageuza samaki mwingine.

Mzee mvuvi, aliyekuwa akishona wavu bila kuinua kichwa, ndiye anayekivunja kimya hicho. "Waandishi mia tatu na sabini, mwalimu. Ni wangapi walioteremka Kasenyi wakatusomea hizo karatasi? Ziwa ni hili. Mwezi wa nane mwaka 2007 risasi zililia humu ndani, Mwingereza aliyekuwa kwenye kazi za kutafuta mafuta akafa, na mwezi wa tisa Kabila na Museveni wa Uganda wakakutana Ngurdoto, kule Arusha, wakatia saini mapatano. Sisi tulikuwa tunavua maji hayohayo. Mpaka wa nchi umepita katikati ya ziwa, na hauna kamba wala boya. Asiyeujua ni mvuvi, na anayekamatwa kwa kuuvuka ni huyohuyo mvuvi. Nani aliandika hilo?"

Swali lake linafichua kosa lililozoeleka katika kuzungumzia elimu ya mwandishi. Watu hubishana kama ajifunzie darasani au uwanjani, kana kwamba habari ni kitu cha kuchotwa tu na mwenye ndoo bora. Mzee anauliza jambo jingine: habari ikishachotwa, inamwagwa wapi? Uchunguzi uliofanywa juu ya ziwa la watu, ukasomwa London na Johannesburg na usisomwe kwa Kiswahili mwaloni, umewafikia wenye hisa kabla ya wenye nyavu. Hapo mzee ana haki ya kukasirika.

Sauti ya nne ni ya mwandishi wa redio aliyeteremka kutoka Bunia. Amekuwa akisikiliza na daftari lake limefungwa. Anapoanza kusema haanzi na chuo wala ziwa. Anaanza na mtu.

"Acquitté Kisembo," anasema. "Alikuwa mwanafunzi wa udaktari. Mwaka 2003 vita vilipoileta dunia nzima Bunia, alifanya kazi na shirika la habari la Ufaransa, AFP, akiwaongoza waandishi wake mjini. Tarehe 26 Juni 2003 alitoweka. Askari wa Umoja wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuingia Bunia mwezi huohuo. Hakuonekana tena."

Kila mwandishi mgeni aliyeandika vizuri kuhusu Ituri aliandika akiwa amesimama juu ya mabega ya mtu wa namna hii. Ndiye anayejua njia ipi imefungwa asubuhi hiyo, kijana yupi wa kizuizi anataka sigara na yupi anataka damu, neno lipi la Kilendu au la Kihema limefichwa ndani ya Kiswahili cha shahidi. Hufanya nusu ya uchunguzi, na pengine zaidi ya nusu, lakini kwa desturi ya kazi hii jina lake haliwekwi chini ya habari. Hatari ni yake, kwa kuwa mgeni akipanda ndege yeye hubaki.

"Sasa binti yetu akichagua kusomea mwaloni peke yake," mwandishi wa redio anaendelea, "hatari ninayoiona si kwamba hatajua kazi. Ataijua sana. Hatari ni kwamba dunia itamfanya mtu wa kuongoza wengine maisha yake yote."

Msichana, ambaye mpaka hapa hajasema kitu, anauliza: "Kwa hiyo diploma ni ya kuniwekea jina chini ya habari tu? Hainifundishi chochote?"

Swali zuri, na jibu lake liko The Hague.

Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la wapiganaji la UPC aliyeitawala Bunia kwa bunduki, alikuwa mtu wa kwanza kuhukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC). Hukumu ilisomwa tarehe 14 Machi 2012: ana hatia ya kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto walio chini ya miaka 15. Baadaye alipewa kifungo cha miaka 14. Ituri nzima inalijua hilo. Kinachozungumzwa kidogo, na ambacho kingepaswa kuwa somo la kwanza la kila mwanafunzi wa habari Bunia, ni kile ambacho majaji walikisema juu ya namna kesi ilivyochunguzwa. Wachunguzi wa mwendesha mashtaka hawakuweza kuzunguka Ituri kwa uhuru, kwa sababu za usalama wao na wa mashahidi. Wakawatumia watu wa kati, wenyeji, wawatafutie mashahidi na kuwaleta. Majaji wakaona kwamba upande wa mashtaka haukupaswa kuwakabidhi watu wa kati kazi ya uchunguzi iliyokuwa yake, na kwamba haukuwasimamia. Wapo waliotiliwa shaka kwamba waliwashawishi mashahidi waseme uongo. Ushahidi wa vijana waliosimama mahakamani wakisema walikuwa askari watoto ukakataliwa, kwa kuwa haukuweza kutegemewa.

Fikiria uzito wa jambo hilo kwa mama wa Djugu au Irumu ambaye mwanawe alichukuliwa kweli.

Kilichosaidia kumtia Lubanga hatiani kilikuwa kitu kingine: kanda za video. Moja ilimwonyesha akitembelea kambi ya mafunzo ya Rwampara, karibu na Bunia, tarehe 12 Februari 2003, akiwahutubia askari ambao baadhi yao majaji waliwaona kwa macho yao wenyewe kuwa ni watoto. Kanda hiyo haikuchukuliwa na mwandishi shujaa aliyejificha kichakani. Ilichukuliwa waziwazi, mbele yake mwenyewe.

"Hapo ndipo elimu ilipo," anasema mwandishi wa redio. "Si kujua kwamba watoto walichukuliwa, hilo kila mtu hapa alilijua. Elimu ni kujua kwamba ipo kanda, kuitafuta ilipo, kuuliza ilichukuliwa lini na nani, na kuitunza isigeuzwe. Na elimu ni kujua kumuuliza shahidi bila kumwekea jibu mdomoni. Mimi mwenyewe nimekosea hapo. Nilimuuliza mtu, 'Walikuja usiku, sivyo?' Akaniambia ndiyo. Siku ya pili akaniambia walikuja alfajiri. Hakuwa mwongo. Mimi nilimpa usiku, naye kwa heshima akaupokea."

Mama anacheka kidogo. "Hata mimi simwambii mvuvi, 'Huyu ni wa leo, sivyo?'"

Mwalimu anaona mlango umefunguka na anaingia. Anataka msichana akasomee sheria, na anatoa mfano wa Caddy Adzuba wa Bukavu, mwanasheria aliyekuwa mtangazaji wa Radio Okapi, aliyewapa wanawake wa Kivu nafasi ya kusimulia ubakaji waliofanyiwa vitani, akatishiwa kuuawa, na mwaka 2014 akapewa Hispania Tuzo ya Prince of Asturias. Sheria, mwalimu anaona, humfundisha mtu tofauti ya kusikia na kushuhudia. Mzee mvuvi hapingi. Anauliza tu kama hakuna mfano wa nyumbani, wa Ituri, pasipo kupanda hadi Kivu.

Upo, na ni mkubwa kuliko wengi wanavyofahamu.

Julienne Lusenge alikuwa mtangazaji wa Radio Candip, redio ya elimu ya Bunia. Kwa miaka mingi redio hiyo ilikuwa shule ya hewani kwa watu wa vijijini, na mtangazaji wake alipaswa kujua kuzungumza na mama mkulima kuhusu maisha yake bila kumkweza wala kumdhalilisha. Hakuna anayeita hilo mafunzo ya uchunguzi. Lakini vita vya Ituri vilipowaka na wanawake wakaanza kufika mjini wakiwa na yale waliyotendewa, ni mtu wa namna hiyo waliyeweza kukaa naye. Mwaka 2000 yeye na wanawake wenzake wakaanzisha SOFEPADI, shirika la kuwasaidia wanawake hao na kuandika visa vyao kwa namna inayoweza kufika mahakamani. Akatishwa, akaendelea. Alifika hadi mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, na mwaka 2023 akatajwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja huo.

Lakini kipande cha maisha yake kinachohusu mjadala huu zaidi ni kingine. Septemba 2020, The New Humanitarian na Thomson Reuters Foundation walichapisha uchunguzi wao wa karibu mwaka mzima: wanawake 51 wa Beni walisema kwamba wakati wa Ebola, wanaume waliojitambulisha kuwa wafanyakazi wa mashirika ya misaada, wengi wao wakilitaja Shirika la Afya Duniani (WHO), waliwataka ngono ili wapate kazi. Wanawake hao hawakuwa wamesikilizwa na mfumo wowote wa malalamiko. Walisikilizwa na waandishi. WHO ikaunda tume huru, na mmoja wa wenyeviti wake wawili akawa Julienne Lusenge, yule mtangazaji wa zamani wa Candip. Ripoti ya tume ilitoka Septemba 2021. Ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao ilithibitika kwamba walikuwa wameajiriwa na WHO.

Ebola hiyo ilianza kutangazwa Agosti 2018 ikaisha Juni 2020, ikiwa imeua watu 2,287. Ndiyo hiyohiyo iliyofika Tchomia. Anayetaka kujua elimu ya redio ya mkoani inaweza kumfikisha mtu wapi, amtazame mama huyu: kutoka maikrofoni ya Bunia hadi kulihoji shirika la dunia kwa niaba ya wanawake waliohojiwa kwanza na waandishi.

Msichana ameanza kuandika. Mwalimu anatabasamu, lakini mama hatabasamu.

"Mmemaliza kunitajia walioshinda," anasema. "Sasa nitajieni waliokufa."

Mwandishi wa redio anamtajia, bila kupunguza. Papy Mumbere Mahamba wa Radio Lwemba, wilaya ya Mambasa, humuhumu Ituri, aliuawa nyumbani kwake usiku mwanzoni mwa Novemba 2019. Alikuwa akiwaelimisha watu juu ya Ebola. Joël Musavuli, mkurugenzi wa redio ya jamii ya Biakato, naye wa Mambasa, aliuawa Agosti 2021, miezi mitatu baada ya Ituri kuwekwa chini ya utawala wa kijeshi, ile état de siège ya Mei 6, ambayo pia iliwapeleka raia mbele ya mahakama za kijeshi. Bukavu, Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa Juni 2007, na mwenzake wa redio hiyohiyo, Didace Namujimbo, Novemba 2008.

"Na mshahara?" mama anauliza tena.

Hapo mwandishi wa redio anainamisha macho. Redio nyingi za mkoani hulipa kidogo, au hazilipi. Ndiyo sababu ipo coupage, zile fedha ambazo mwenye mkutano humpa mwandishi "kwa nauli". Kila mwanahabari wa Kongo anaijua. Mwandishi anayelishwa na mtu anayetakiwa kumchunguza hawezi kumchunguza. Hilo halihitaji darasa. Lakini kumkataza mtu coupage bila kumpa mshahara ni kumwambia mvuvi asile samaki wake na pia asiwauze. Wanaomcheka mwandishi wa Ituri kwa bahasha yake wangeanza kwa kuuliza mmiliki wa redio hiyo anamlipa nini.

Mwalimu anajaribu kuupandisha mjadala kwa kumtaja Anjan Sundaram, mzaliwa wa India aliyekulia Dubai na kusoma hisabati Chuo Kikuu cha Yale. Alikataa kazi ya benki ya Goldman Sachs, akaenda Kongo mwaka 2005 akiwa hana ajira, akapanga katika nyumba ya familia ya Kinshasa, akaliandikia shirika la Associated Press kwa malipo ya habari moja moja. Baadaye akaandika kitabu, Stringer, juu ya maisha hayo. "Hakusomea uandishi," mwalimu anasema. "Alisoma hisabati, akaishi na watu."

"Alikuwa na pasipoti," anajibu mwandishi wa redio.

Hakuna anayeongeza neno. Sundaram alistahili alichokipata. Aliugua, aliibiwa, aliandika. Lakini kati yake na Kisembo, mwanafunzi wa hisabati na mwanafunzi wa udaktari, wote wawili vijana walioacha masomo yao kando wakaingia katika habari za Kongo mwanzoni mwa karne hii, tofauti kubwa zaidi haikuwa akili wala ujasiri. Mmoja aliweza kuondoka. Shule yoyote ya uandishi itakayofunguliwa Bunia bila kulifikiria hilo, bila mpango wa mahali mwandishi atakapolala siku habari yake inapotoka, itakuwa inawafundisha vijana kuogelea na kuwaficha kwamba kuna mamba.

Mzee mvuvi amemaliza tundu moja la wavu na ameanza jingine. "Na kitabu?" anauliza. "Alisema ataandika kitabu. Kwa lugha gani?"

Swali hili halina jibu jepesi hata mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya serikali. Erick Kabendera, mwandishi wa uchunguzi wa Tanzania, alikamatwa Dar es Salaam Julai 2019, akakaa mahabusu karibu miezi saba, akatoka Februari 2020. Alipoandika kitabu cha kumbukumbu zake cha kurasa nyingi, alikiandika kwa Kiingereza. Huenda ana sababu zake: wachapishaji, usalama, wasomaji wa nje. Nchini Kenya mambo yalikwenda vingine kwenye televisheni. Jicho Pevu ya Mohammed Ali, iliyorushwa na KTN, ilikuwa ya Kiswahili tangu jina lake, na watu waliifuatilia hadi vibandani. Ilionyesha kwamba lugha hii inabeba kesi ya dawa za kulevya, ya mauaji na ya rushwa, majina na tarehe, bila kuegemea lugha nyingine. Mtu anayesema Kiswahili hakina msamiati wa uchunguzi hajasikia wanawake wa mwaloni wakidaiana.

"Kwa Kifaransa nitapata wasomaji Kinshasa," msichana anasema. "Kwa Kiingereza, Uganda na kwingineko. Kwa Kiswahili nitapata nyinyi."

"Sisi hatununui vitabu," mama anasema, kwa ukweli.

"Mnasikiliza redio. Nitakisoma redioni, sura kwa sura, kabla sijakichapa. Nikikosea tarehe, mtanipigia simu."

Hili halijafikiriwa na mwalimu wala mwandishi wa redio, na ni hoja bora kuliko zote zilizotangulia siku hiyo. Uchunguzi unaosomwa kwanza mbele ya waliouishi unahakikiwa na watu ambao hakuna mhariri wa Paris anayeweza kuwapata. Una hatari zake: mtuhumiwa naye ana redio, na shahidi aliyefichwa jina anaweza kutambuliwa kwa sauti ya habari yake tu, kwa jina la kijiji, kwa idadi ya watoto. Mwandishi wa redio anazitaja hatari hizo moja baada ya nyingine, na msichana anaziandika zote. Lakini mwandishi huyo ameshafungua daftari lake naye.

Wanakubaliana nusu. Atapanda Bunia kusomea sheria, si uandishi. Mwalimu amepata hilo. Jioni atakuwa redioni kujifunza kunasa sauti na kuitunza, hata kama ni kwa kufagia studio kwanza. Mwandishi wa redio amepata hilo. Mama atalipa minervali, yaani ada, ya mwaka wa kwanza kwa makayabo, kwa sharti kwamba hakuna mgeni atakayeongozwa na binti yake kwenda popote bila jina lake kuandikwa, na bila kulipwa. Mwaka wa pili haujajadiliwa. Makayabo ya mwaka wa pili bado yako ziwani.

Mzee pekee hajapata kitu, na hakuomba. Msichana anamgeukia, anafungua ukurasa mpya, anaandika juu yake: Tchomia, 31 Mei 2003. Ni siku ambayo mji huu ulishambuliwa na raia wengi wakauawa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2004 ilikadiria kwamba raia wasiopungua 8,000 waliuawa Ituri kati ya Januari 2002 na Desemba 2003. Msichana alikuwa hajazaliwa.

"Babu, siku ile ulikuwa wapi?"

Mzee anaweka sindano ya kushonea wavu juu ya goti. "Nilikuwa majini."

Mwalimu anafungua mdomo kumsaidia. Mwandishi wa redio anamgusa mkono, na mwalimu ananyamaza. Mama ameacha kugeuza samaki.

"Kwenye mtumbwi wa nani, babu?" msichana anauliza. "Na nani mwingine alikuwemo?"